Programu za Kutengenezea Muziki: Sifa za Majarida na Kazi Yenyewe

Mara nyingi katika kambi za jeshi na vituo vya polisi tumekutana na swali ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini ndani yake lina uzito. Swali lenyewe ni hili: katika programu nyingi za kompyuta ambazo kwazo muziki hutengenezwa siku hizi, ipi iliyo bora? Muulizaji aghalabu huwa ni kijana mwenye kipaji, mpiga tarumbeta au ngoma katika bendi ya kikosi, au kiongozi wa kwaya ya kambi, ambaye ameweka akiba kutoka katika mshahara wake ili anunue kompyuta na kuanza kurekodi. Amesoma jarida moja la ng'ambo, likamwambia achukue programu hii. Amemwendea rafiki yake mwenye studio mjini, naye akamwambia achukue ile. Sasa kijana amesimama njia panda, fedha mkononi, asijue ageukie wapi.

Hatukusudii leo kumtajia programu moja na kumwambia kwamba zilizosalia ni takataka. Kufanya hivyo ni kumpoteza zaidi. Tunachokusudia ni kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi programu hizo zinavyotofautiana katika utaratibu wa kazi, yaani mtu aketipo mbele ya kompyuta huanza na nini, hufuatisha nini na humaliza vipi. La pili ni jinsi majarida ya muziki yalivyoziandika programu hizo, kwa kuwa baadhi yake zilipewa kurasa tele kila mwezi na nyingine zikapita kama mgeni asiyekaribishwa. Mwenye kuyafahamu mambo haya mawili hatatishwa na sifa za watu, wala hatapoteza akiba yake.

Tena liko jambo kubwa zaidi ya akiba. Kila mwaka wazee wetu wa kazi hustaafu, na kila anayestaafu huondoka na nyimbo za mwendo, za kambi na za safari alizozipokea kwa waliomtangulia. Wimbo usiorekodiwa hufa na wazee wake. Kwa hiyo anayechagua chombo cha kurekodia na akachagua vibaya, kisha akakata tamaa na kukiacha, hasara yake si ya mfuko wake tu.

CHIMBUKO LA PROGRAMU HIZI

Ili kuielewa tabia ya mtu hapana budi kuwajua wazazi wake, na programu za muziki ni vivyo hivyo. Kila moja ilizaliwa kutokana na chombo fulani cha zamani, na tabia ya chombo hicho haikuiacha hata leo.

Chimbuko la kwanza ni makubaliano ya mwaka 1983 ambayo yalivipa vinanda vya umeme vya viwanda mbalimbali lugha moja ya kuwasiliana, nayo huitwa MIDI. Msomaji asidhani kwamba MIDI ni sauti. MIDI ni amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kisha iache. Ni kama ujumbe wa redio kutoka makao makuu, ambao wenyewe haupigi risasi hata moja, lakini huwafanya walio mbali watende. Kompyuta iliyoitwa Atari ST, ambayo ilitoka mwaka 1985, iliundwa ikiwa na matundu ya MIDI tayari, na kwa sababu hiyo ikapendwa mno na wanamuziki wa Ulaya. Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, Karl Steinberg na Manfred Rürup walikuwa wameanzisha kampuni ya Steinberg mwaka 1984, na mwaka 1989 kampuni hiyo ikatoa Cubase kwa ajili ya Atari. Cubase ilionyesha wimbo mzima katika kioo cha kompyuta: muda ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, na vyombo vikipangwa kimoja chini ya kingine mfano wa askari katika safu. Picha hiyo iliigwa na karibu programu zote zilizofuata. Wajerumani wengine walitoa Logic mwaka 1993, chini ya kampuni ya Emagic, ambayo ilinunuliwa na Apple mwaka 2002.

Chimbuko la pili ni mashine ya kanda. Huko California, Marekani, Peter Gotcher na Evan Brooks walianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Digidesign. Mwaka 1989 walitoa Sound Tools, na mwaka 1991 wakatoa Pro Tools. Hapo mwanzo Pro Tools iliweza kurekodi njia nne tu za sauti, na bei yake ilikuwa dola 6,000 hivi, fedha ambazo mwanamuziki wa kawaida hakuwa nazo. Lakini mafundi wa studio waliipenda, kwa sababu ilifanya kazi ileile waliyoizoea ya kunasa sauti katika kanda, kuikata kwa wembe na kuiunga upya, isipokuwa sasa wembe haukuhitajika tena, na aliyekosea kukata aliweza kurudi nyuma.

Chimbuko la tatu ni mashine ya ngoma. Mwaka 1997, katika nchi ya Ubelgiji, kijana mmoja mtunga programu, Didier Dambrin, wa kampuni ya Image-Line, alitengeneza programu ndogo ya kupangia midundo, wakaiita FruityLoops. Mwaka 2003 jina lake likabadilishwa kuwa FL Studio.

Baada ya hizo zilikuja nyingine mbili zenye njia zao. Mwaka 2000 kampuni ya Propellerhead ya Stockholm, Uswidi, ilitoa Reason, ambayo inaiga rafu ya vyombo vya studio. Mwaka 2001, huko Berlin, ikatoka Ableton Live, kazi ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 na Gerhard Behles, Robert Henke na Bernd Roggendorf. Behles na Henke walikuwa wenyewe wanamuziki wa jukwaani, katika kundi la Monolake, na jina la programu yao lenyewe, lenye maana ya muziki wa papo kwa papo, laonyesha walitaka nini.

WIMBO MMOJA, NJIA NYINGI

Maneno matupu hayatoshi. Na tuchukue wimbo mmoja, tuone kila programu itautendaje. Uwe ni wimbo wa kwaya ya kambi, wenye ngoma, gitaa la besi, tarumbeta mbili na waimbaji kumi na wawili. Mwendo wake ni mapigo 100 kwa dakika, na kila kipimo kina mapigo manne. Basi kila kipimo huchukua sekunde 2.4, na wimbo wa dakika tatu una vipimo 75.

Aliye na Pro Tools huanza na watu. Huwaita waimbaji na wapigaji wakiwa wameshajua wimbo wao, huwapangia maikrofoni, humpa kila mmoja njia yake, kisha hurekodi. Mwimbaji akikosea ubeti wa pili, hurudishwa apige ubeti wa pili peke yake. Baadaye fundi huchagua vipande vilivyo bora, huvikata na kuviunga. Madirisha makuu ni mawili: moja la kukatia na kuunganishia, jingine la kuchanganyia sauti, linalofanana na meza ya studio yenye vitelezo vyake. Utaratibu huu unamfaa mwenye watu waliokwisha kufanya mazoezi. Mtu aliye peke yake chumbani, asiye na wimbo bado, ataona kioo kitupu kikimtazama.

Aliye na Cubase au Logic aweza kuanza vivyo hivyo, lakini aghalabu huanza na kinanda. Huweka alama mbili, moja mwanzo wa kipande na moja mwisho wake, tuseme vipimo vinne, ambavyo ni sekunde 9.6, kisha kipande hujirudia naye huongeza ngoma, halafu besi, halafu tarumbeta za kubuni, mpaka aridhike. Sauti za watu huja baadaye. Fauka ya hayo, programu hizi mbili huweza kuzigeuza noti zilizopigwa kuwa muziki wa maandishi na kuuchapisha katika karatasi. Kiongozi wa bendi ya shaba, ambaye hana budi kumgawia kila mpigaji karatasi yake, ataelewa mara moja thamani ya jambo hilo.

Aliye na FL Studio huanza na mdundo. Mbele yake pana mistari ya vitufe, kila mstari ukiwa na vitufe 16 kwa kipimo kimoja. Akibonyeza cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13 katika mstari wa ngoma kubwa, tayari ana mapigo manne ya mwendo wa gwaride. Katika dakika kumi atakuwa amepata mdundo kamili, hata kama hajui kusoma noti. Mdundo huo huitwa kwa jina na kuwekwa akiba, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mwisho midundo hiyo hupangwa mmoja baada ya mwingine ili wimbo utimie. Lakini mwenye kwaya na aangalie sana: kwa miaka mingi toleo la bei ya chini kabisa la programu hii halikurekodi sauti ya maikrofoni. Wako walionunua bila kusoma masharti, wakajikuta na ngoma nzuri isiyo na waimbaji.

Aliye na Reason hukuta rafu iliyojaa vyombo: vinanda, mashine za ngoma, vyombo vya mwangwi. Akibonyeza kitufe kimoja rafu hugeuka na kuonyesha mgongo wake wenye nyaya zinazoning'inia, naye huweza kuzichomoa na kuzichomeka apendavyo. Ni shule nzuri sana kwa anayetaka kujua sauti inatoka wapi na inapita wapi. Hata hivyo kwa miaka mingi Reason yenyewe haikurekodi sauti za watu. Uwezo huo uliingizwa ndani yake mwaka 2011, katika toleo la sita.

Aliye na Ableton Live huanza na vipande. Mbele yake pana vyumba vidogo vilivyopangwa kama vya kibao cha bao. Katika kila chumba huweka kipande kimoja: ngoma hapa, besi pale, kiitikio cha kwaya kule. Akikigusa kipande, hulia na kujirudia, na vyote hushika mwendo mmoja bila kugongana. Hivyo aweza kuupanga wimbo upya mbele ya watu, akaurefusha wanapocheza na kuufupisha wanapochoka. Bendi inayotumbuiza karamu ya maofisa usiku kucha itafaidika kuliko fundi anayetaka kukata makosa ya mwimbaji.

Mwisho tuitaje Reaper, iliyotoka mwaka 2006, kazi ya Mmarekani Justin Frankel, yuleyule aliyetunga Winamp, programu ya kusikilizia nyimbo. Reaper hufuata utaratibu wa safu na wa kanda, kama Cubase na Pro Tools, lakini ni nyepesi, huweza kukaa katika kompyuta kuukuu, na humruhusu mtu aijaribu kwa siku 60 kabla ya kulipa. Leseni yake ya mtu binafsi imekuwa dola 60.

MAJARIDA YALISEMAJE?

Sasa na tugeukie majarida. Kabla ya mtandao kuenea, mwanamuziki alipata habari za vyombo vipya kutoka katika majarida ya kila mwezi. Marekani walikuwa na Keyboard, lililoanza mwaka 1975, na Mix, lililoanza mwaka 1977 kwa ajili ya mafundi wa studio. Uingereza walikuwa na Sound on Sound, lililoanza mwaka 1985, Future Music la mwaka 1992 na Computer Music la mwaka 1998. Katika miji yetu nakala zilifika kwa uchache, na bei ya nakala moja haikuwa rahisi kwa mwenye mshahara wa kawaida. Nakala moja ilisomwa na watu ishirini mpaka ikachakaa.

Aliyelisoma Sound on Sound katika miaka ya 2000 atakumbuka kwamba, mbali na tathmini za vyombo vipya, lilikuwa na safu za mafunzo zilizotengwa kwa ajili ya programu mojamoja: Pro Tools na ukurasa wake, Cubase na ukurasa wake, Logic na wake, Reason na wake, na kadhalika. Mwezi baada ya mwezi, mwenye programu hizo alifundishwa hila mpya. Mwenye FL Studio hakukuta ukurasa wa namna hiyo, na ilimbidi ajifunze kwa jirani. Mahojiano na mafundi wakubwa wa sauti nayo yalijaa picha za madirisha ya Pro Tools, kwa kuwa ndiyo iliyotawala studio kubwa. Na kweli ilitawala: mwaka 1999 wimbo wa Ricky Martin, "Livin' la Vida Loca", ulijulikana kuwa wa kwanza kushika nafasi ya juu kabisa Marekani ukiwa umerekodiwa, kukatwa na kuchanganywa wote ndani ya Pro Tools.

Computer Music lilikuwa na njia nyingine. Lenyewe liliandikwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani, asiye na studio. Lilifundisha programu nyingi, za ghali na za bure, FL Studio ikiwamo, na pamoja na kila toleo lilitoa diski yenye sauti za kutumia na programu ndogondogo za kuongezea, msomaji azitumie bila malipo zaidi. Kwa kijana wa mbali, diski hiyo ilikuwa na faida kuliko tathmini kumi za meza za kuchanganyia sauti ambazo hataziona maishani.

KWA NINI IKAWA HIVYO?

Tungekosa haki tukisema kwamba waandishi wa majarida hayo walikuwa waongo. Walikuwa mafundi hodari, na mengi waliyoyaandika yalikuwa kweli tupu. Lakini sisi twaona sababu tatu zilizoielekeza kalamu yao.

Kwanza, mwandishi huandika anachokijua. Wengi wao walikulia katika studio za kanda, na programu iliyofanana na kanda waliiona kuwa chombo cha mtu mzima. Programu yenye vitufe vya rangi, tena yenye jina la matunda, waliiona kuwa mchezo wa watoto.

Pili, jarida huishi kwa matangazo na kwa habari mpya. Kampuni inayouza programu pamoja na mitambo ina mengi ya kutangaza, na Pro Tools mpaka mwaka 2010 kwa kawaida haikukubali kufanya kazi bila mitambo maalumu iliyoidhinishwa na wenyewe. Kadhalika, toleo jipya linalouzwa kwa fedha nyingine ni habari, na habari huleta tathmini. Image-Line wao waliamua kwamba aliyekwisha kununua FL Studio hupewa matoleo yote yajayo bila malipo. Kwa mnunuzi hiyo ni neema kubwa, lakini haimpi mhariri sababu ya kuuliza kila mwaka kama inafaa kulipia tena.

Tatu, karatasi ina mipaka yake. Safu ya njia za sauti hupigwa picha moja ikaeleweka. Lakini utaratibu wa Ableton Live, ambao ni wa kugusa na kusikia papo hapo, haukai vizuri katika picha iliyotulia. Mafunzo ya picha za kutembea yalipoenea, programu hizo mbili, Live na FL Studio, zilipata walimu maelfu ambao hakuna mhariri aliyewateua.

Na matokeo yalikuwa nini? Mwaka 2003 mtayarishaji wa muziki wa Marekani aitwaye 9th Wonder alitengeneza wimbo mmoja wa albamu ya Jay-Z, "The Black Album", kwa programu ileile iliyodharauliwa. Avicii wa Uswidi, aliyefariki mwaka 2018, alitumia FL Studio, na Martin Garrix wa Uholanzi vilevile. Huko Durban, Afrika Kusini, vijana wa vitongojini walizusha mtindo wa gqom kwa programu hiyohiyo, na katika studio ndogo za Afrika Mashariki si ajabu kuikuta. Majarida hayakuzuia kitu. Yalichelewa tu kuona.

Wala tusigeuze dharau upande wa pili, tukasema kwamba Pro Tools ni ya wakubwa na haina maana. Aliyerekodi kwaya ya watu kumi na wawili, kila mmoja na maikrofoni yake, atamshukuru aliyeibuni.

HESABU YA MNUNUZI

Askari aliye makini huhesabu risasi zake kabla ya kutoka. Mnunuzi wa programu naye ana hesabu tatu za kufanya, ambazo majarida hayakuzitilia mkazo kwa kuwa wasomaji wao walikuwa na fedha.

Hesabu ya kwanza ni ya nafasi. Sauti ya njia moja, ikirekodiwa kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde na ubora wa biti 24, hula megabaiti 8.64 kila dakika. Njia 16 za wimbo wa dakika nne hula megabaiti 553 hivi. Ukirudia mara tano ili upate mwimbo ulio bora, tayari umekaribia gigabaiti tatu kwa wimbo mmoja. Amri za MIDI, kinyume chake, hazina uzito unaostahili kutajwa. Ndiyo maana anayejenga midundo kwa MIDI huweza kutumia kompyuta dhaifu, na anayerekodi kwaya huhitaji diski kubwa, tena ya pili ya kuwekea nakala ya akiba.

Hesabu ya pili ni ya kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haipitishi sauti papo hapo, bali huikusanya kwa mafungu. Fungu la sampuli 256, kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa milisekunde 6 hivi, sawa na kumsikia mpiga ngoma aliye mita mbili kutoka kwako. Fungu la sampuli 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 23, sawa na mpiga ngoma aliye mita nane. Kila aliyepiga kwata katika uwanja mpana anajua jinsi safu ya nyuma inavyokosa hatua kwa kuisikia ngoma kwa kuchelewa. Mwimbaji naye hukosa mwendo vivyo hivyo. Basi wakati wa kurekodi tumia fungu dogo, na wakati wa kuchanganya tumia kubwa.

Hesabu ya tatu ni ya uhai wa programu. Apple ilipoinunua Logic mwaka 2002 iliacha kuitengeneza kwa kompyuta za Windows, na waliokuwa wakiitumia huko wakaachwa pembeni. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson ilisimamisha kazi ya Cakewalk, programu iliyokuwa na umri wa miaka thelathini, mpaka BandLab ilipoiokoa mwaka 2018. Kwa hiyo, programu yoyote uichaguayo, kila wimbo ukimalizika toa kila njia ya sauti katika faili ya kawaida ya WAV, toka mwanzo mpaka mwisho, uihifadhi mahali pawili. Programu ikifa, wimbo utabaki.

NAKALA ZA WIZI

Neno hili twalisema kwa heshima, lakini hatuwezi kuliacha. Programu nyingi zilizomo katika studio zetu ni nakala za wizi, zilizovunjwa kufuli na kuuzwa katika diski sokoni. Wengi wamezizoea hata hawaoni kosa. Lakini anayewakamata wauza bidhaa za magendo mchana hawezi usiku kuketi mbele ya mali ya magendo na dhamiri yake ikatulia. Na iko sababu ya pili iliyo karibu zaidi nasi: sheria ya hakimiliki inayomlinda mtunga programu wa Ubelgiji ndiyo hiyohiyo inayoilinda kwaya ya kambi pale wimbo wake utakaponakiliwa na kuuzwa na mtu asiyewajua. Hatuwezi kuidai kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mwingine.

Tena hakuna dhiki ya kumlazimisha mtu aibe. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, hurekodi na kukata sauti bila malipo yoyote. LMMS ni ya bure, na utaratibu wake wa midundo wafanana na ule wa FL Studio. Ableton, Image-Line na wengineo hutoa matoleo ya majaribio. Anza na hayo, jua mkono wako unapenda njia ipi, kisha ulipie iliyokufaa.

USHAURI WETU

Basi twamrudia kijana wetu aliyesimama njia panda. Asiulize programu ipi iliyo bora, bali ajiulize kazi yake huanzia wapi. Ikiwa huanzia kwa watu wanaoimba na kupiga, na ashike njia ya kanda: Pro Tools kama ana uwezo, Reaper kama hana. Ikiwa huanzia kwa kinanda na karatasi za bendi, Cubase au Logic itamfaa. Ikiwa huanzia kwa mdundo kichwani usiku akiwa peke yake, FL Studio isimwonee haya, ila achague toleo linalorekodi sauti. Ikiwa huanzia jukwaani, na aitazame Live. Jarida na alisome, maana elimu haikataliwi, lakini alisome kama asomavyo taarifa ya mpelelezi: aangalie habari, na aangalie pia mleta habari alisimama wapi alipoiona.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliieneza ngoma ya beni katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, wakiuchukua muziki wa bendi za kizungu na kuufanya wao. Hawakuwa na studio wala jarida. Walikuwa na masikio, na hamu ya kuufikisha wimbo walikokwenda. Vijana wetu wana vyombo ambavyo wazee wale hawakuviota. Mzee wa kambi anayestaafu mwezi ujao bado yuko, na sauti yake bado ni nzima. Na aketishwe mbele ya maikrofoni wiki hii, kwa programu yoyote iliyopo. Habari ya ipi iliyo bora itangojea.